Moshi wa Bukavu

Katika miji yote iliyoko kando ya Maziwa Makuu, sijui mmoja uliosifiwa kwa hewa yake kuliko Bukavu. Wala sifa hiyo haikuzuka bure, kwa kuwa mji huo umekaa juu ya vilima vipatavyo mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, rasi zake tano zimejinyosha ndani ya Ziwa Kivu mithili ya vidole vya mkono uliochovywa majini, na usiku wake, hata katika miezi ambayo sisi watu wa pwani hulala madirisha wazi na shuka tumezitupa miguuni, humlazimu mtu kujifunika blanketi. Wabelgiji, waliouita mji huo Costermansville, jina lililodumu hadi miaka ya 50 ya karne iliyopita, walijenga majumba ya fahari yenye baraza za mviringo zilizolielekea ziwa, na wengi miongoni mwao waliochoshwa na joto la mabonde walikwenda huko kupumzika na kutafuta siha. Mimi nilifika Bukavu katika kiangazi cha mwaka 2024, kwa ahadi ya zamani niliyompa mwalimu mmoja tuliyejuana Kigoma, alipokuwa amekimbilia kwetu Tanzania na ahali yake kwa ajili ya vita vilivyozuka mwaka 1998. Na ijapokuwa nilikwenda kuamkiana na rafiki, jambo lililonishughulisha tangu siku ya kwanza hata ya mwisho lilikuwa moshi.

Njia niliyoifuata ni ile ya Kigali. Basi lilipita Huye, likaendelea kupanda na kupinda mpaka likaingia msitu wa Nyungwe, ambao barabara ya lami hupita katikati yake kwa mwendo wa saa nzima na zaidi. Na humo ndani abiria walifungua madirisha pasipo mtu kuwaamrisha, wakawa wanavuta pumzi ndefu, kwa kuwa hewa ya msitu ule ina ubichi wa majani na maji ambao mwili huutambua upesi. Nililala Kamembe, upande wa Rwanda. Alfajiri nilipotoka nje kuitazama Bukavu ng'ambo ya pili, ziwa lilikuwa shwari, vilele vya vilima vya Kongo vilikuwa vimeanza kupokea nuru, na chini ya vilele hivyo palikuwa na utando wa kijivu uliolala sawasawa juu ya mabonde, umeyafunika mapaa ya mabati hata yakawa hayaonekani ila machache ya juu kabisa. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na madumu yake ya maji aliniona nikishangaa. Akasema, "Ule si ukungu, ndugu yangu. Watu wa ng'ambo wamewasha mbabula, majiko yao ya makaa."

Sababu ya moshi kulala vile si ngumu kufahamu. Usiku hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka kutoka vilimani ikatuama mabondeni na pembezoni mwa ziwa, na juu yake hukaa hewa yenye uvuguvugu inayoizuia isipande. Kisha saa kumi na moja na saa kumi na mbili, maelfu ya meko yanapowashwa kwa wakati mmoja, moshi wake hauna pa kwenda, bali hubaki palepale walipo watu, mpaka jua lipate nguvu ya kuipasha ardhi joto na kuiachia hewa njia ya kupanda. Kwa hiyo uzuri wa mahali penyewe, yaani vile vilima, lile ziwa na ule ubaridi wa usiku, ndio unaoushika moshi wa mji na kuwarudishia wenyewe waupumue. Mji ungekuwa uwandani penye upepo, ungekuwa na moshi uleule lakini si madhara yaleyale.

Nilivuka kwa miguu mpaka wa Ruzizi ya kwanza, mahali ambapo mto unaaga ziwa na kuanza safari yake ya kushuka hadi Tanganyika. Upande niliotoka, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu mwaka 2008, na mtu huipekua mizigo yake mwenyewe kabla ya askari hawajaipekua. Upande niliouingia kuna amri ya serikali ya Kongo ya mwisho wa mwaka 2017 inayokataza vivyo hivyo, walakini mifuko ilikuwa imetanda ukingoni mwa barabara kana kwamba amri ile haijapata kusomwa. Naitaja mifuko hii mapema kwa makusudi, kwa maana nilikuja kuona baadaye kwamba ina sehemu yake, tena sehemu kubwa, katika habari ya moshi.

Rafiki yangu anakaa Kadutu. Mgeni apitaye Bukavu kwa haraka huonyeshwa Nguba na Muhumba, penye bustani na nyua za mawe, naye akarudi kwao akisimulia mandhari. Lakini Bukavu ya watu wengi ni Kadutu na Bagira na zile tarafa za Ibanda zilizopanda miteremko ya Panzi na Nyalukemba, ambako nyumba zimeshikana ubavu kwa ubavu, ukuta wa mbao wa huyu ndio ukuta wa yule, na njia ya kupita ni ngazi ya udongo iliyochimbwa kwa jembe. Mji haukujazwa hivyo na uzazi peke yake. Mwaka 1994 walimiminika wakimbizi kutoka Rwanda. Mwaka 1996 vita vikaingia mjini wenyewe. Mwaka 1998 vikaanza vingine. Mwaka 2004 mji ukatekwa tena kwa siku kadhaa. Na katika miaka yote hiyo watu wa Walungu, Kabare, Kalehe, Shabunda na Mwenga, walionyang'anywa mifugo na usalama, waliteremka Bukavu wakiwa na vitu vya kubeba kichwani, wakajenga palipobaki nafasi. Leo wakazi wanakadiriwa kuwa wamepindukia milioni moja. Kila aliyekuja alikuja na haja ya kupika, na hakuna aliyekuta amewekewa waya wa umeme ukimngojea.

Mke wa rafiki yangu, ambaye aliniita shemeki nami nikamwita shemeji, huamka kabla ya adhana ya msikiti ulio jirani nao. Kwa kuwa nilikuwa nalala chumba cha mbele, nilimsikia kila asubuhi akitoa mbabula, yaani lile jiko dogo la bati, akaliweka kizingitini, nusu ndani na nusu nje. Akapanga makala, kama waitavyo huko makaa ya miti. Akatia vijiti viwili vya kuwashia. Kisha, kwa sababu vijiti vilikuwa vibichi na makala yalikuwa na unyevu, akatwaa mfuko mmoja wa plastiki, akaukunjakunja, akauwasha kwa kiberiti na kuusukuma chini. Moto ulishika mara moja. Pamoja na moto ulitoka moshi mweusi wenye harufu kali inayokaa kooni, na mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa mgongoni kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kumweka, aligeuza uso akaanza kukohoa. Nilimwuliza kama hawezi kuwashia kitu kingine. Alinijibu kwa upole kwamba mafuta ya taa ni ghali, karatasi huwa haba, na mfuko hauna bei. Nikatazama nje: kwenye kila kizingiti cha ngazi ile ya udongo palikuwa na mbabula, na kwenye kila mbabula palikuwa na mama na mtoto.

Siku ya pili yake nilifuatana na shemeji kwenye kituo cha afya, alikokwenda kumpima mtoto. Muuguzi aliyempokea, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha na mikono ya upole, alihesabu pumzi za mtoto kwa kutazama saa, akainua shati akaangalia kama ngozi iliyo chini ya mbavu inabonyea, akasema hana nimonia, ila mapafu yamechokozwa, kisha akamgeukia mama na kumwuliza swali ambalo nilifahamu kuwa ameliuliza mara nyingi mno maishani mwake: "Mbabula unaweka wapi?" Alipopata nafasi aliniambia kwamba katika kiangazi, wakati mvua haziuoshi mji na vumbi limechanganyika na moshi, benchi lake hujaa watoto wa kifua tangu asubuhi, kwamba mama wajawazito wanaopikia ndani huzaa aghalabu watoto wepesi, na kwamba wako wazee wa kike, wasiopata kuvuta sigara hata moja katika umri wao, ambao wana mapafu ya wavutaji wa tumbaku.

Maneno yake yanaafikiana na yale yasemwayo na Shirika la Afya Duniani. Moshi wa kuni, makaa na plastiki huchukua chembe ndogo mno, zenye upana usiozidi mikromita 2.5, ambazo unywele wa binadamu huzipita unene mara 20 na zaidi. Na kwa udogo wake haziishii puani wala kooni, bali hupenya hadi mwisho wa mapafu na kuingia katika damu, ndiyo sababu maradhi yake si ya kifua peke yake bali ni ya moyo pia na ya kiharusi. Mwaka 2021 shirika hilo liliteremsha kiasi ambacho chembe hizo hazipaswi kuzidi kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa hadi 5, baada ya kudhihirika kwamba madhara huanza mapema kuliko ilivyodhaniwa. Shirika hilohilo linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliwaua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 ambao hawajatimiza miaka 5. Na nchi ya Kongo ni mojawapo ya zile ambazo katika kila watu 100 hawafiki 10 wanaopikia nishati isiyo na moshi. Watu husema juu ya uchafuzi wa hewa na fikra zao zikaenda kwenye mabomba ya viwanda; Bukavu haina viwanda vya kutosha kuuchafua mtaa mmoja, na bado pumzi ya watoto wake ni nzito.

Sisemi kwamba moshi wa jikoni uko peke yake. Kutoka Nyawera hadi Essence pikipiki hufuatana bila mwanya, magari mengi ni yale yaliyokwisha kutumika miaka mingi katika nchi nyingine, mafuta huuzwa kando ya njia katika chupa na madumu na vijana waitwao kadafi, na lori moja lipandapo kilima huacha nyuma yake wingu linalowafanya waenda kwa miguu kuziba pua kwa ukosi wa shati. Wakati umeme unapokatika, jenereta za maduka huanza kunguruma pamoja. Tena kiangazi chenyewe huleta moshi wa ugenini: wataalamu waliopima hewa kwa miaka juu ya Mlima Mugogo, kaskazini ya Rwanda, waliona kwamba katika miezi ya ukavu moshi wa mbuga zinazochomwa mamia ya kilomita mbali husafiri hata kufika nchi hizi za vilima. Lakini huyo mtoto aliyebebwa mgongoni juu ya mbabula hakungoja moshi wa mbali umfikie.

Rafiki yangu, aliye mwalimu wa jiografia na mtu asiyependa maneno yasiyo na mahali pa kuonyeshwa kwa kidole, alinichukua kwenda kuutazama mto. Ruzizi, mara tu utokapo ziwani, umezibwa kwa bwawa na mitambo ya umeme iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 50, yenye uwezo upatao megawati 30. Chini yake kidogo iko Ruzizi ya pili, ya mwaka 1989, yenye megawati zipatazo 44 ambazo hugawanywa baina ya Kongo, Rwanda na Burundi. Na ya tatu imekuwa ikizungumzwa katika mikutano ya nchi hizo tatu kwa miaka mingi. Hivyo umeme unazaliwa mlangoni pa Bukavu. Lakini mitambo ya kwanza iliwekwa kwa ajili ya mji mdogo, nayo ni mikongwe. Mji ulipokua mara nyingi kuliko ulivyokuwa, umeme ukawa wa kugawiwa kwa zamu, leo mtaa huu, kesho mtaa ule, na zamu hiyo ya giza, ambayo wenyeji huiita delestaje, mara nyingine huendelea mpaka watu wakasahau ilianza siku gani.

Nilipofika ukingoni nikaona jambo ambalo sijapata kuona mfano wake. Mbele ya bwawa maji hayakuonekana. Palikuwa na zulia la chupa, ndara, mifuko, madumu yaliyopasuka na majani, limesukumwa na mkondo na kukusanyika pale, na wanaume waliokuwa ndani ya mashua wanalichota kwa miti na nyavu na kulipakia. Taka hizo hutoka kwenye vilima: mji hauna magari ya kutosha ya kuzizoa, watu huzitupa katika makorongo, mvua kubwa zikija huzikokota hadi ziwani, na ziwa lote, ambalo halina tundu lingine la kutokea ila Ruzizi, huzileta mlangoni pa mitambo. Zikipita na kuingia ndani huiharibu, na mara kadhaa zimeisimamisha. Rafiki yangu alinyamaza mpaka nikaona mwenyewe anachotaka nikione. Mfuko utupwao Kadutu hushuka na mvua, ukafika bwawani, ukaisimamisha mashine. Mashine isimamapo, umeme hukatika Kadutu. Umeme ukatikapo, mama huwasha mbabula. Na mbabula huwashwa kwa mfuko.

Nikamwambia kwamba sasa nataka kuyaona makala yanakotoka. Tulipanda gari la abiria kuelekea kaskazini, njia ya Kavumu, vumbi jekundu likaingia kwa kila upenyo, na kila tulipopishana na lori tulifumba macho. Baada ya mahali paitwapo Miti ardhi inapanda, na upande wa magharibi ikaonekana milima miwili: Kahuzi, wenye kimo cha mita 3,308, na Biega, unaoipa hifadhi jina lake la pili. Hifadhi hiyo ya Kahuzi-Biega, maskani ya sokwe wakubwa wa nyanda za chini za mashariki, iliundwa mwaka 1970, ikaandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1980, na tangu mwaka 1997 imekuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Sehemu ya makala ya Bukavu hutoka katika mikaratusi iliyopandwa na wenye mashamba wa Kabare na Walungu, nayo hayana lawama. Sehemu nyingine hutoka ndani ya mipaka ya hifadhi, huchomwa katika matanuri ya udongo porini, na huteremshwa wakati ambao walinzi hawapo au wamekwisha kupewa chao. Kando ya njia tuliwaona akina mama wamejitwisha magunia mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, wameinama hata nyuso zao zikawa zinatazama miguu.

Ni rahisi kuwashutumu wakata miti. Batwa walitolewa katika msitu ule miaka ya 70 bila ardhi nyingine ya kuwatosha. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi kwa nguvu, na miti mingi ikaanguka na mapigano yakatokea. Kisha mwaka 2024 ukatangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu kwamba haki zao zilivunjwa katika kule kutolewa. Mtu aliyenyimwa msitu kisha akauziwa njaa, utamwambia nini juu ya gunia la makala? Na aliye mjini utamwambia nini juu ya kulinunua? Nami naona kwamba wenye amri wamekuwa wakipigana na ncha mbili za kamba, yaani mkata mti na mama wa mbabula, ambao wote wawili ni maskini na wote wawili wako karibu kukamatika, wakaacha katikati ya kamba, penye mitambo ya umeme isiyotengenezwa, bei isiyofikika na taka zisizozolewa, mambo ambayo maskini hana mkono wa kuyafikia.

Katika safari ileile, kule Lwiro, ambako Wabelgiji walianzisha mwaka 1947 kituo kikubwa cha utafiti ambacho leo ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi za Maumbile, tulizunguka katika nyua zake na kuona majengo ambayo kwa adhama yake humfanya mtu afikiri yuko katika chuo kikuu cha nchi tajiri. Huko ndiko watu wa eneo hili walikopima tetemeko, samaki, nyani na maradhi kwa zaidi ya miaka 70. Elimu haikukosekana Kivu.

Nishati nayo haikukosekana, wala haikuishia kwenye mto. Chini ya Ziwa Kivu, katika maji ya kina yanayofika karibu mita 485 upande wa kaskazini, zimo kilomita za ujazo zipatazo 60 za gesi ya methani, pamoja na hewa ya kaboni nyingi kuliko hiyo mara kadhaa. Wenyeji wa Goma na Sake wanaijua kaboni hiyo kwa jina la mazuku, pale itokapo ardhini na kutuama mashimoni, ikaua mbuzi, na pengine mtoto aliyeinama kumwokota mbuzi. Methani lakini ni moto safi. Tangu mwaka 1963 ilivutwa kidogo kidogo huko Rubona, karibu na Gisenyi, ili kuchemshia pombe ya kiwanda. Na mwaka 2016, huko Karongi upande wa Rwanda, ulizinduliwa mtambo wa kwanza mkubwa unaoigeuza kuwa umeme, megawati 26. Ghuba ya Bukavu ni ya kina kifupi na haina hazina hiyo, ila ziwa ni moja, na umeme husafiri. Nilipowaza kwamba zaidi ya miaka 60 iliyopita gesi ile ilipata kumfaa mtengeneza pombe kabla ya kumfaa mama anayechemsha uji wa mtoto, nilihisi uchungu ambao sikutaka kuuficha mbele ya rafiki yangu, wala sitaki kuuficha hapa.

Usiku mmoja, baridi ilipozidi, shemeji aliichukua mbabula yenye makala mekundu, yasiyotoa moshi tena, akataka kuipeleka katika chumba walicholala watoto wapate joto. Mwalimu alimzuia mlangoni. Katika miji ya milimani jambo hilo hufanyika sana, na kuna waliolala hivyo na hawakuamka. Maana makala yaliyokwisha kuwa mekundu, japo macho hayaoni moshi, hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu mahali pa oksijeni, na mwenye kuivuta husinzia kwa utulivu, asijue kwamba anakosa hewa. Shemeji alisema amelijua hilo tangu utotoni, lakini watoto wanatetemeka. Tukatandaza makoti yetu mawili juu yao, na mbabula ikabaki nje.

Kwa siku zilizofuata aliniuliza mengi juu ya kwetu. Nilimweleza kwamba Tanzania ilikataza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kupikia kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024; kwamba mwezi wa Mei mwaka huohuo serikali ilitangaza mkakati wa kuwafikisha watu 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia kabla ya mwaka 2034 kwisha; na kwamba mwezi huohuo, huko Paris, mkutano wa nishati safi ya kupikia barani Afrika, ambao rais wetu alikuwa miongoni mwa wenyeviti wake, ulipata ahadi za dola bilioni 2.2. Alisikiliza yote, akaniuliza mtungi mdogo wa gesi hujazwa kwa kiasi gani kwetu Tanga. Nikamtajia. Akageuza hesabu hiyo kwa faranga, kisha kwa makopo ya makala, akanyamaza kidogo, akasema kwamba gesi ile ifikapo Bukavu, ikiwa imepita bandarini kwetu, na Rwanda, na mpaka, huwa si bei hiyo tena. Lakini hata kwa bei ya Bukavu, mwenye kuweza kulipa mara moja kwa mwezi hutumia pengine si zaidi ya anunuaye makala kila siku kwa kopo. Shida ni mtungi wenyewe na jiko lake, vinavyotaka fedha nyingi kwa mpigo.

Ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameniuliza kwa sababu. Yeye na majirani zake wa ngazi ile wana likelemba, mchango ambao kila juma hutolewa na wote akapewa mmoja, nao walikuwa wamekwisha kubaliana kwamba zamu inayofuata isigawiwe fedha tupu bali mtungi na jiko, na kila apewaye ajaze mwenyewe. Walikuwa wameanza na mama mwenye mtoto wa pumu; wa pili alikuwa bibi aishiye na wajukuu. Shemeji alikuwa wa saba. Jambo walilokuwa hawajakubaliana ni mtungi ukae wapi katika nyumba ya mbao, mahali ambapo moto wa nyumba moja umewahi kuteketeza nyumba nyingi, na jioni ya kuondoka kwangu walikutana kulijadili: wengine wakitaka uwekwe nje penye kufuli, wengine wakihofia wezi, na muuguzi yule wa kituo cha afya, waliyemwita awe mshauri, akiwataka kwanza wapime upana wa madirisha yao.